Mwendo wa Mzee Ubwa

"Shuka! Ufunguo niachie hapo hapo, na miguu yako nisiione tena kwenye skuli yangu."

Dereva Muhiddin alishuka akicheka. Kioo cha pembeni cha basi dogo la skuli kilikuwa kinaning'inia kwa waya, na ndani watoto walikuwa wamekumbatiana, wengine wametapikiana. Muhiddin alikuwa amelipita lori la mchanga kule Amani kwa mwendo wa mwendawazimu, mbele ya kibao cha thelathini. Bi Rahila, mwenye skuli, alimkumbatia mjukuu wake Nadra, akausikia moyo wa mtoto ukidunda.

"Kibao chenyewe hukukiona?"

"Nimekiona, Bi Rahila. Lakini nani anakifuata?"

Nani anakifuata! Hayawani. Bi Rahila aliwadharau madereva wa aina hiyo kuliko alivyowadharau wezi wa kuku. Mwizi wa kuku angalau anajua kuwa ana kosa. Siku ile ile akatangaza Mpendae nzima kwamba anataka dereva, na sharti lake ni moja tu: mwendo wa pole. Wazazi walishamwambia wazi kuwa mtoto mmoja akiumia, basi na skuli ndiyo imekwisha.

Ndipo akaja Mzee Ubwa. Dereva wa zamani, leseni safi, umri wake wote hajagonga hata paka. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani myeusi, na mkono wake ulikuwa umeshikwa na mkewe, Bi Mize, kama bwana harusi anayepelekwa ndani.

Lo! Mtu anakuja kutafuta kazi na mkewe?

Bi Rahila alijizuia asicheke, akaagiza chai. Bi Mize ndiye aliyekipokea kikombe, akamtilia mumewe mkononi na kumfumba vidole. "Moto, Ubwa." Ubwa akapuliza. Bi Rahila alimtupia jicho mwalimu Khairat, na Khairat akajifanya anatazama dari. Limbwata hilo, hakuna jingine. Huyu kalishwa mpaka kashiba.

Wakaenda kulijaribu gari, njia ya Fumba. Bi Rahila alikaa nyuma. Bi Mize alishajipandia mbele bila ya kukaribishwa, na gari lilipoondoka tu, mdomo ukafunguka.

"Tuta hilo, punguza. Haya. Kushoto kwako baskeli, iache ipite. Ng'ombe huyo... simama. Simama, Ubwa! Haya, kashavuka. Kibao hicho, thelathini."

"Naam," alijibu Mzee Ubwa kila mara, na kila aliloambiwa alilifanya.

Gari lilikwenda taratibu, hata chai isingemwagika. Vespa ziliwapita zikipiga honi, na wenye vespa wakitukana. Bi Rahila aliupenda mwendo ule, lakini mdomo ule ulimchefua. Mwenda pole hajikwai, sawa. Lakini mwanamume mzima kuendeshwa na mkewe, hata tuta aoneshwe! Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, angemshusha mke kama huyo njiani zamani. Alifyonya kwa nguvu ili wasikie.

Waliporudi akasema, "Mzee Ubwa, kazi umepata. Lakini nimekuajiri wewe, sikuajiri nyinyi wawili. Kile kiti cha mbele ni cha mtoto."

Bi Mize aligutuka. "Nakuomba, Bi Rahila. Mimi mshahara sitaki. Hata chini nitakaa. Peke yake huyu hawezi..."

"Hawezi nini?"

Bi Mize alifungua kinywa. Mzee Ubwa akageukia ilikotoka sauti yake.

"Mize, basi," alisema polepole. "Tumelala na njaa vya kutosha. Njia za Mpendae nnazijua zote."

Machozi yakamlenga Bi Mize. Bi Rahila alimtazama kwa kinyaa. Wivu! Ajuza mzima ana wivu, anaogopa walimu wasimchukulie kibabu chake.

"Bi Mize, mwanamke hamfuati mumewe kazini," alisema. "Muachie apumue."

Jumatatu asubuhi wazazi waliwaleta watoto wenyewe; adhuhuri watoto walitoka madarasani na mikoba yao, wakapanda garini kurudi majumbani. Mzee Ubwa alilizunguka gari akiupapasa ubavu wake kwa kiganja mpaka mlangoni. Bi Rahila alifurahi moyoni: hivi ndivyo afanyavyo mtu anayekipenda chombo chake, si kama yule hayawani.

Bi Mize naye alikuwa keshafika. Ismail, mlinzi, alimzuia kando ya geti kama alivyoagizwa. Alikuwa analia, mtu mzima yule, mtandio umemdondoka mabegani.

"Ubwa! Usiende, Ubwa!"

Aibu gani hii mbele ya watoto! Bi Rahila alimpa mgongo. Alimbeba Nadra, akamketisha kwenye kiti cha mbele, akamfunga mkanda kwa mkono wake na kumbusu kwenye paji la uso.

"Leo hakuna wa kukimbia na wewe, mwanangu," alimwambia, akafunga mlango. "Haya, Mzee Ubwa, Bismillah."

"Naam."

Injini ikanguruma kwa upole. Dirisha lilikuwa wazi, na Bi Rahila alimwona mzee akiinama upande wa mtoto, akimtabasamia hewani, juu kidogo ya kichwa chake.

"Mjukuu wangu, hebu niangalizie, mbele yetu barabara iko wazi?"

Nadra alinyoosha shingo mpaka mkanda ukamkaba.

"Mie sifikii kuona, babu," alisema, na gari likaingia barabarani.