Nyati Aliyetaka Atajiwe Siku

Chini ya mlima wa moto palikuwa na malisho mazuri, na mkubwa wa wanyama wa hapo alikuwa Nyati. Asubuhi moja Fuko alitoka shimoni mwake akiwa amebabuka nyayo.

"Ondokeni," aliwaambia wenzake. "Udongo wa chini unaunguza. Mlima utalipuka."

"Lini?" aliuliza Nyati.

"Siku siijui. Huenda kesho, huenda mwakani."

Nyati alifoka. "Tuache majani haya kwa ajili ya huenda? Taja siku, au funga mdomo!"

Fuko alikataa kutaja siku asiyoijua. Alihama, na Digidigi peke yake akamfuata pamoja na wanawe. Kilima walichohamia kilikuwa kikavu. Watoto walikonda, mlima ulitulia tuli, na kila kulipokucha Digidigi alimtukana Fuko kwa kuwaletea njaa bure.

Kisha mlima ukalipuka.

Nyati alifika kilimani ngozi imeungua, hana mke wala ndama. Alimwinamishia Fuko pembe. "Ulijua! Mbona hukuniambia siku?"

Fuko alijibu kwa hasira. "Nilikwambia uondoke! Ningekutajia siku ya uongo, ungenisikiliza. Nilisema kweli, ukanifokea."

Nyati aliinua mguu amkanyage. Digidigi akaruka katikati yao.

"Mimi nimemtukana kuliko wewe," alisema. "Lakini nilihama kwanza, ndipo nikatukana. Wanangu hawa hapa. Wa kwako wako wapi?"

Nyati alishusha mguu, na habari ya siku hakuiuliza tena.