Jicho la Haraka

Zubeda jirani yangu ndiye aliyenisimulia haya, sikukuu ya Idi iliyopita, tukichambua mchele. Mwavita ni dada yake, fundi wa ving'ora.

Mwavita alifunika mkaa wa mbabula, lile jiko dogo, kwa bati. Mbele yake akasimamisha jicho la joto, kile chombo kinachopiga king'ora moto ukitokea. Akavuta bati ghafla. Jicho likakaa, likakaa, ndipo king'ora kikalia.

"Hili limechoka," akasema. "Likija kulia, nyumba imekuwa majivu."

Léonce, mteja aliyesimama mlangoni mwa karakana yake mtaani Bwiza, akarudi nyuma. "Mama, hiyo usiniletee! Mi nalala peke yangu kule Kiriri. Nataka ya haraka, na uweke juu ya kitanda."

Léonce hakumjua Mwavita, lakini Mwavita alimjua. Macho kama hayo yaliyochoka ndiyo aliyoyafunga Léonce kwenye depo moja bandarini. Depo ilipoungua, aliapa kwamba macho yalikuwa mazima, ila zamu, yule mlinzi wa usiku, alilala. Zamu mwenyewe, Tajudini, alifia ndani. Alikuwa mume wa Mwavita. Mpaka leo sokoni wanamwita mke wa yule aliyelala.

Léonce alipokwenda zake, mezani palibaki macho mawili, la haraka na lililochoka.

"Utamfungia lipi?" Zubeda akauliza.

"We kaa utaona."

"Mwavita, mwogope Mungu!"

"Namwogopa. Lakini huyu atanilipa Tajudini."

Akapanda Kiriri na jicho moja mfukoni, akarudi anaimba. Tangu hapo kila Zubeda aliposikia kelele barabarani, alidhani ni habari ya moto.

Juma lililofuata, baada ya adhuhuri, mtu akasimama mlangoni. Vifungo vya shati vimekwenda kombo, macho mekundu kama pilipili. Ni Léonce, mzima.

"Mama, iyi jicho inanimaliza! Nikijigeuza, blanketi ikianguka, inaona joto ya mwili wangu, inalia! Tangu uiweke sijalala. Punguza kidogo."

"Haipunguziki, patron. Niiondoe nikuwekee ile iliyochoka? Kama zile za depo?"

Léonce akatazama mbabula, kisha bati, kisha uso wa yule mwanamke. Habari ya depo yeye hakuwahi kumwambia.

"Apana," akasema polepole. "Apana, mama. Acha iyo iyo."

"Basi uzoee. Kazi ya zamu ni kukesha."

Alipokwisha kuondoka, Mwavita akatandika mkeka kando ya mbabula, akajifunika kanga, akalala.