Mgeni Matangani

Uwera ndiyo kwanza amepokea kikombe cha chai, mjane akamshika bega na kumuuliza, "Na wewe dada, marehemu ulimjuaje?"

Wanawake waliojaa mikekani wakamgeukia. Mtaa mzima wa Rwezamenyo unajuana. Yeye tu ndiye hakuna aliyemjua.

Kazi ya Uwera ni kusikiliza watu waliolemewa na mambo ya moyoni. Mwaka mzima marehemu, fundi wa kushona nguo, alikuwa akija ofisini kwake Kimihurura kulia, na kila akishika kitasa cha mlango kuondoka, alimsihi, "Mke wangu asijue kwamba nakuja hapa. Hata nikifa."

"Alikuwa fundi wangu," Uwera alijibu. "Alinishonea magauni."

Mjane akauondoa mkono wake taratibu.

"Mume wangu alishonaga kanzu," alisema. "Za wanaume tu. Maisha yake yote."

Neno moja la kweli lingetosha kumsafisha. Uwera aliitazama tangawizi iliyoelea kikombeni, macho ya watu yakimpima kuanzia kucha hadi mtandio wa kuazima.

"Nisamehe, mama," akasema, na akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.