Nyayo Nyeupe

Daktari wa mifugo, Nyamizi, alipofika mara ya tatu, Mzee Kihwelo hakumpa hata kiti. Alikuwa na mashine ya kusaga mwishoni mwa mji, nyumba zinapokoma na pori kuanza, na paka wake Bosi ndiye aliyemlindia magunia.

"Mwanangu, nilishakwambia. Bosi hahasiwi. Ukimhasi atakuwa wa kulala tu."

"Ataendelea kuwinda, mzee. Lakini leo sikuja kubishana."

Daktari akafungua boksi. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka aliyeokotwa porini. Miguu yake ilikuwa mirefu na masikio mekundu kwa nyuma, kama paka pori yeyote. Ila nyayo zote nne zilikuwa nyeupe. Mzee akageuka kumtazama Bosi, aliyekuwa juu ya gunia akijilamba nyayo zilezile.

"Wako wangapi hivi?"

"Watatu. Na majike halisi ya paka pori yamebaki manne. Yakiendelea kuzaa na Bosi, paka pori atabaki jina tu."

Mzee Kihwelo alichukua tenga tupu lililokuwa pembeni. Kisha akambeba Bosi, akamtia mwenyewe kwenye tenga na kulifunga kamba.

"Umrudishe kabla ya jioni," alisema. "Hajazoea kulala kwa watu."

Bosi alirudi ameshahasiwa, akaendelea kukamata panya. Wiki ya pili, asubuhi, mzee akifungua mashine, alimwona paka pori jike ameketi nje ya uzio, akimwita Bosi. Bosi alipiga mwayo. Jike likageuza kichwa kuelekea porini, likaanza kuita madume ya huko.