Pimbi na Tembo Tele

Zama ambazo wanyama walipeleka watoto chuoni, Pimbi alitaka kusomea lugha na utangazaji. Lakini hakuweza kwenda bila ruhusa ya Nungunungu, mchimba mashimo aliyemlea.

"Somea uchimbaji, mwanangu," alisema Nungunungu. "Kila mnyama anahitaji shimo. Maneno tunayo sote, tena bure. Nani atakuajiri?"

"Sijui, Baba. Ninachotaka kujua ni kwa nini neno moja hubeba mambo mawili."

"Basi likubebe na wewe, likufikishe kazini!"

Jioni hiyo Kwarara, mpeleka habari wa mbuga, alipita juu akipiga kelele: "Kesho asubuhi, tembo tele bondeni!"

Nungunungu alilipenda mno tembo la mnazi. Akawaita majirani, wakabeba vibuyu, wakateremka kulala bondeni ili wawahi kunywa.

Pimbi alibaki akiligeuzageuza lile tangazo. Kulipopambazuka akamfuata Kwarara mtini. "Shangazi, ulisema tembo jingi au tembo wengi?"

"Wengi, na watoto wao. Kwani mimi nilisemaje?"

Pimbi akatimka hadi bondeni. "Baba, tokeni! Si la kunywa, ni ndovu!"

Wakaparamia mwamba, huku ardhi ikitetemeka. Ndovu wakapita, na vibuyu vyote vikasagwa.

Nungunungu aliteremka, akaokota kipande cha kibuyu chake.

"Kasome, mwanangu," alisema. "Na huyo Kwarara, nenda naye."