Shati la Mikono Iliyozibwa

Pasi yangu iligota kwenye shati. Mikono yote miwili ilikuwa imeshonwa ikazibwa mwishoni, mshono umenyooka kabisa. Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu mke wangu.

Asubuhi ile jora la kitambaa lilimwangukia kichwani kutoka juu ya rafu pale kiwandani. Msimamizi alimpa kidonge, maana wakubwa wana kidonge kilekile kwa kila ugonjwa, akamrudisha kwenye cherehani.

Nikamkimbilia mke wangu na lile shati. Msimamizi akaninyang'anya, akaliinua juu.

"Jamani, mama leo kamshonea nani? Nyoka?"

Kiwanda kizima kikacheka. Mke wangu naye akacheka, kisha akanigeukia.

"Baba watoto, chai tumeshakunywa?"

"Tumekunywa, mama."

"Chai tumeshakunywa?"

Nikamwambia msimamizi, "Bosi, huyu kaumia kichwa. Nampeleka hospitali."

"Aliyeumia anacheka hivyo? Rudi kwenye pasi yako, au mtoke wote wawili na msirudi."

Akamtupia shati alifumue. Mke wangu akalipokea kwa mikono miwili kama zawadi, akapenyeza vidole ndani ya mkono wa shati, akitafuta pa kutokea.

Vikafika penye mshono, vikatulia, havikusogea tena.