Unyayo wa Pili Kizingitini

Ngiri alichukua shimo kwa mkopo kutoka kwa Mhanga, mchimbaji wa mbuga nzima. Hati yao ilikuwa unyayo: Ngiri alikanyaga udongo mbichi wa kizingitini, ukakauka, na shimo likawa lake, mradi apeleke kikapu cha mchwa kila mwezi.

Alikaa humo na Nungunungu. Hawakuwa wamefunga ndoa. Walipendana tu, basi. Nungunungu ndiye aliyetandika nyasi, na nusu ya mchwa wa kila kikapu aliwatafuta yeye. Jioni alitangulia kuingia, kisha Ngiri akafuata kinyumenyume, meno yakitazama nje, kama ngiri wote wanavyolinda mlango wao.

Mwaka wa tano Ngiri akaugua sana. Kaka yake akaja, akakagua kizingiti, akamwambia Nungunungu, "Fungasha mapema. Hapa pana unyayo mmoja tu."

"Lakini shemeji..."

"Shemeji wa ndoa ipi?"

Nungunungu akaanza kukusanya nyasi zake. Ngiri alikuwa amesikia yote. Alipopata nafuu kidogo, alijikokota hadi kwa Mhanga, akarudi naye.

"Mzee, lowesha udongo. Huyu naye akanyage."

"Akikanyaga, hata mkigombana hutaweza kumtoa," Mhanga akamwonya.

"Ndiyo maana nimekuita."

Nungunungu akakanyaga.

Jioni ile alipotaka kutangulia ndani, Ngiri alimzuia. Akaingia yeye kwanza, kwa kichwa, akamwachia Nungunungu mlango.